Mstari Husogezwa, Haufutwi: Historia Fupi ya Kupanua Mashindano

Kutoka Kibera hadi Kawangware ni mwendo wa mguu. Ukianzia Makina unapita soko la Toi na Woodley, unaifuata Barabara ya Ngong hadi Dagoretti Corner, na baada ya kama saa moja uko kwenye steji za Kawangware. Katikati ya safari hiyo, upande wa Jamhuri, ndipo ulipoanza kujengwa mwaka wa 2024 uwanja wa Talanta, wa kuketisha watu 60,000. Ulianzishwa kwa sababu Septemba 2023 Kenya ilipewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, pamoja na Uganda na Tanzania.

Kuna jambo moja kuhusu uwanja huo ambalo halisemwi sana. Kama mashindano haya yangebaki na timu 8, kama yalivyokuwa kwa miaka zaidi ya ishirini, wazo la wenyeji watatu lisingewezekana. Wenyeji watatu kati ya timu 8? Wangekula karibu nusu ya sahani kabla wageni hawajanawa mikono. Ni upanuzi wa mashindano uliotuletea uwanja huu hapa mtaani.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na wengi wenu mnakuja hapa kusoma mambo ya seva na hifadhidata. Leo nivumilieni, kwa sababu hata hili ni la programu. Kila mashindano ni algoriti: unaingiza timu kadhaa upande mmoja, bingwa mmoja anatoka upande wa pili. Kinachobaki ni kuuliza nani anaruhusiwa kuingia, na mstari wa kukata unachorwa wapi.

Hoja yangu ni hii. Watu wakisema "tupanue mashindano ili haki itendeke", hudhani mstari utafutwa. Haufutwi. Unasogezwa tu, na kuna mtu atakayelia upande ule mwingine. Kwa hiyo swali la maana ni nani ameshika chaki, na kama sisi wengine tunaweza kuikagua hesabu yake.

Kwa nini 24 ni namba ya matata

Tuanze na hesabu, ni rahisi. Katika mashindano ya mtoano kila mechi humtoa mmoja. Ukiwa na timu 16 unahitaji kuwatoa 15 ili abaki bingwa, kwa hiyo ni mechi 15. Timu 8, mechi 7. Haijalishi umepanga vipi.

Mtoano hupenda namba zinazogawanyika kwa mbili mpaka mwisho: 4, 8, 16, 32. Ukiwa na makundi manne ya timu nne, unachukua wawili wa kwanza kila kundi, unapata 8, mambo yanakwenda kama maji. Lakini timu 24 zinatoa makundi sita. Wawili wa kwanza kila kundi ni 12, na 12 haigawanyiki vizuri. Unahitaji wanne zaidi ili wafike 16. Hao wanne unawatoa wapi? Kwa wale waliomaliza nafasi ya tatu. Unawapanga wote sita kwa pointi, halafu tofauti ya mabao, halafu mabao ya kufunga, unachukua wanne bora na wawili wanakwenda nyumbani.

Hapo ndipo mwandishi wa programu anaanza kukuna kichwa. Wanne kati ya sita wanaweza kupatikana kwa njia 15, na kila njia inahitaji mpangilio wake wa nani anacheza na nani. Kombe la Dunia la 2026 lilipopangwa kwa timu 48, yaani makundi 12 na timu nane bora za nafasi ya tatu, njia hizo zilifika 495. FIFA ililazimika kuchapisha jedwali lenye mistari 495 katika kanuni zake. Niliwahi kuandika msimbo wa kuzizalisha zote. Ni mistari michache tu, kompyuta inamaliza kabla hujapepesa jicho. Kumweleza shabiki matokeo yake ndiyo kazi.

Tena angalia gharama. Kombe la Afrika la timu 16 lilikuwa na mechi 32. La timu 24 lina mechi 52. Kati ya hizo, 36 ni za makundi, na zote 36 zinatoa timu nane tu.

Khartoum, timu tatu

Kombe la Mataifa ya Afrika lilianza mwaka wa 1957 mjini Khartoum likiwa na timu tatu: Sudan, Misri na Ethiopia. Afrika Kusini ilikuwa ishiriki, lakini siasa za ubaguzi wa rangi zikaiweka nje. Kwa kuwa Ethiopia ndiyo ilipangwa kucheza nayo, ikajikuta fainali bila kugusa mpira. Huko Misri ikaichapa 4-0. Kumbe tangu siku ya kwanza kabisa namba haikugawanyika vizuri, na kuna timu iliyopita bila kucheza.

Kuanzia hapo orodha ikawa inapanda: timu 4 mwaka wa 1962, timu 6 mwaka wa 1963, timu 8 mwaka wa 1968. Hapo ikakaa hadi 1990. Mwaka wa 1992 zikawa 12, mwaka wa 1996 zikawa 16 kwenye karatasi (Nigeria ilijitoa, zikacheza 15), na mwaka wa 2019 zikawa 24.

Sisi Kenya tulikuwa wapi? Tuliingia 1972, 1988 na 1990 wakati nafasi zilikuwa 8 tu, jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Mwaka wa 1992, nafasi zilipokuwa 12, tuliingia pia. Hatukushinda mechi hata moja katika safari hizo nne. Mwaka wa 1996 ulikuwa uwe wetu kama wenyeji, tukanyang'anywa, mashindano yakaenda Afrika Kusini. Mwaka wa 2004 nchini Tunisia ndipo tuliposhinda kwa mara ya kwanza: tulifungwa na Mali 3-1 na Senegal 3-0, kisha tukaifunga Burkina Faso 3-0. Pointi tatu, nafasi ya tatu kwenye kundi. Timu zilikuwa 16, wa tatu hakuwa na lake. Tukafunga mizigo.

Weka akilini hizo pointi tatu na nafasi ya tatu. Tutazirudia.

Waliosimama mlangoni

Kabla hatujacheka wanaotaka kupanua, tukumbuke upanuzi ulimaanisha nini kwa Waafrika. Kwa Kombe la Dunia la 1966 kulikuwa na nafasi 16. Mshindi wa Afrika alitakiwa akishapita huku acheze tena na mshindi wa Asia ili mmoja tu aende Uingereza. Mabara mawili, mlango mmoja. Nchi za Afrika, zikiongozwa na Ghana ya Kwame Nkrumah, zilikataa na kususia. Mwaka wa 1970 Afrika ikapewa nafasi moja kamili, na Morocco ikaenda Mexico.

Hakuna aliyezipa nchi hizo nafasi kwa wema. Zilidai. Na mwaka wa 1982, Kombe la Dunia lilipopanuliwa hadi timu 24, Afrika ilipata mbili: Algeria na Cameroon. Cameroon ilitoka sare mechi zote tatu ikatolewa kwa uchache wa mabao, ikiipisha Italia ambayo baadaye ilitwaa kombe. Na Algeria? Kisa cha Algeria kinahitaji kichwa chake.

Shimo la Gijón

Algeria iliifunga Ujerumani Magharibi 2-1, ikafungwa na Austria 2-0, ikaifunga Chile 3-2. Mechi yake ya mwisho ilikuwa Juni 24, 1982. Siku iliyofuata, mjini Gijón, Ujerumani Magharibi na Austria zilishuka uwanjani zikijua kila kitu: Wajerumani wakishinda kwa bao moja au mawili, wote wawili wanapita na Algeria inatoka. Bao likafungwa dakika ya 10. Muda uliobaki ulikuwa wa kupigiana pasi za nyuma huku watazamaji wakizomea. Ikaisha 1-0.

Sisi wa programu tuna tatizo linalofanana na hilo. Shughuli mbili zinategemea kitu kimoja, lakini moja inasoma thamani baada ya nyingine kuandika. Anayesoma mwisho ana faida. Dawa yake ni kuzifanya ziende pamoja, na FIFA ilitumia dawa hiyohiyo: tangu 1986 mechi mbili za mwisho za kundi moja huchezwa saa moja.

Shimo likazibwa. Halafu upanuzi ukalichimbua upya. Ukishaanza kulinganisha timu za tatu kutoka makundi mbalimbali, mechi zinazohusiana haziko tena ndani ya kundi moja. Ziko kwenye makundi yote sita, na makundi yote sita hayawezi kumaliza saa moja. Yule wa kundi la mwisho atajua anachohitaji. Yule aliyemaliza mapema atakaa mbele ya runinga na kuomba Mungu.

Julai 2, 2019

Aliyekaa mbele ya runinga mwaka wa 2019 alikuwa Mkenya.

Harambee Stars ilirudi Kombe la Afrika baada ya miaka 15. Mashindano yalikuwa Misri. Kundi C: Algeria, Senegal, Kenya, Tanzania. Tukafungwa na Algeria 2-0. Juni 27 tukacheza na majirani zetu Tanzania, wakatangulia mara mbili, tukasawazisha mara mbili, na dakika ya 80 Michael Olunga akafunga la tatu. 3-2. Wale waliotazama kwenye vibanda vya video vya Kibera na Kawangware wanajua kelele zilizopigwa usiku ule.

Julai mosi tukacheza na Senegal. Patrick Matasi akaokoa penalti ya Sadio Mané. Hadi dakika ya 62 ilikuwa 0-0, na kwa matokeo hayo tungekuwa na pointi nne, tungepita. Dakika ya 63 likaingia la kwanza, halafu Mané akafunga mawili. 3-0. Pointi tatu, nafasi ya tatu kwenye kundi, kama 2004. Tofauti ni kwamba safari hii hatukufunga mizigo usiku uleule. Tulisubiri.

Kesho yake, Julai 2, makundi E na F yalimaliza. Katika kundi F, Benin ilikuwa na pointi mbili na ilikuwa inacheza na Cameroon. Kama Cameroon ingefunga bao moja tu na kushinda, Benin ingebaki na pointi mbili na Kenya ingeingia hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza. Mechi ikaisha 0-0. Jedwali la timu za tatu likawa hivi:

1. Guinea: pointi 4, tofauti ya mabao +1
2. Kongo (DRC): pointi 3, tofauti 0, mabao 4
3. Benin: pointi 3, tofauti 0, mabao 2
4. Afrika Kusini: pointi 3, tofauti -1
5. Kenya: pointi 3, tofauti -4
6. Angola: pointi 2, tofauti -1

Mstari ulipita kati ya nne na tano.

Simlaumu Benin. Ilicheza kwa kanuni zilizokuwepo, na tofauti yetu ya mabao ilikuwa mbovu kuliko zote sita. Lakini Kenya iliingia uwanjani Julai mosi bila kujua pointi ngapi zingetosha, na Benin iliingia Julai 2 ikijua sare inatosha. Hilo ni tatizo la mpangilio, halihusiani na nani ana miguu mizuri.

Mgala muue na haki umpe, hata hivyo. Wale wanaosema timu za tatu ni za kujaza nafasi tu wasome kilichofuata. Benin iliitoa Morocco kwa mikwaju ya penalti. Afrika Kusini iliwatoa wenyeji Misri 1-0. Morocco na Misri zote mbili zilikuwa zimeshinda mechi zote tatu za makundi. Benin ilifika robo fainali bila kushinda hata mechi moja ndani ya dakika za kawaida. Na mwaka ule wa upanuzi tuliziona Burundi, Madagascar na Mauritania, zote kwa mara ya kwanza. Uganda, Tanzania, Kenya na Burundi zote nne zilikuwa Misri. Afrika Mashariki haikuwahi kuwa na mwaka kama huo.

Kompyuta sita za Marekani

Wamarekani wana mchezo wao wanaouita futiboli ambao mpira hushikwa kwa mikono, na vyuo vikuu vyao huucheza mbele ya umati ambao Kasarani haiwezi kuubeba. Vyuo ni zaidi ya mia moja, kila kimoja hucheza mechi kama kumi na mbili tu, kwa hiyo wengi hawakutani. Nani bingwa? Kwa miongo mingi jibu lilitoka kwa kura za waandishi na makocha. Baadaye, kuanzia msimu wa 1998 hadi 2013, walitumia mfumo uliochanganya kura na kompyuta ili kupata timu mbili za fainali.

Miaka ya mwisho kompyuta hizo zilikuwa sita, kila moja na fomula yake. Fomula moja tu, ya mwanasayansi aitwaye Wes Colley, ndiyo iliyoanikwa kikamilifu hadharani. Nyingine zilikuwa siri za wenyewe. Mwaka wa 2010 mchambuzi Jerry Palm alikaa akapiga hesabu ya Colley upya na kukuta mechi moja ya timu ndogo haikuingizwa. Ilipoingizwa, timu mbili, Boise State na LSU, zilibadilishana nafasi ya 10 na ya 11.

Nakipenda kisa hiki kuliko vyote, na nakirudia kila nikibishana na mtu anayetaka kuficha msimbo wake. Hitilafu ilipatikana kwenye fomula iliyokuwa wazi, kwa sababu ilikuwa wazi. Zile tano nyingine zilikuwa na makosa mangapi? Hakuna awezaye kusema, na hiyo ndiyo shida yenyewe.

Msimu wa 2014 wakapanua hadi timu nne, zikichaguliwa na kamati ya watu 13. Msimu wa 2023 chuo cha Florida State kilishinda mechi zote 13 na kutwaa ubingwa wa ligi yake, kamati ikakiacha nje, hoja ikiwa mchezaji wake nyota alikuwa ameumia. Kelele zikawa kubwa. Msimu uliofuata, wa 2024, mfumo uliokuwa umeshapitishwa wa timu 12 ukaanza, ambapo timu nne ziliruka raundi ya kwanza. Zote nne zilizoruka zilifungwa mechi yao ya kwanza. Na kelele? Zilihamia kwa timu ya 13.

Mwaka wa 2017, mstari uliosogezwa mara mbili

Sasa turudi nyumbani, maana kuna mwaka mmoja ambao unatuhukumu sisi wenyewe.

Mwaka wa 2017 ligi kuu ya Kenya ilipanuliwa kutoka timu 16 hadi 18. Shirikisho la soka, FKF, lilitaka 18. Kampuni iliyoendesha ligi, KPL, ilitaka 16. Mvutano huo ulikuwa umeanza miaka kadhaa nyuma na ukaishia mbele ya jopo la mizozo ya michezo. Mwishowe timu 18 zikacheza: mechi 306 badala ya 240. SuperSport, iliyokuwa ikipeperusha ligi hii tangu 2007, ikavunja mkataba kwa sababu ligi haikuwa tena ile ya timu 16 iliyotiwa saini. Kamera zikaondoka, na pesa zikaondoka nazo. Kijana wa mtaani aliyekuwa anaota kuonekana kwenye runinga akabaki na klabu nyingi zaidi za kuchezea na mishahara isiyojulikana inatoka wapi. Tulilalamika wote, na tulikuwa na haki: mlango ulipanuliwa huku paa likiachwa bila kuezekwa.

Lakini mwaka uohuo, mwezi wa Julai, CAF ilikutana Rabat ikapanua Kombe la Afrika la 2019 kutoka timu 16 hadi 24. Mechi za makundi ya kufuzu zilikuwa zimeshaanza mwezi mmoja kabla! Kenya ilikuwa imeshapoteza ya kwanza, ugenini Sierra Leone, 2-1 (matokeo ambayo baadaye yalifutwa Sierra Leone ilipoondolewa). Chini ya kanuni za zamani, washindi wa makundi 12 ndio waliokuwa na uhakika wa kwenda, na wa pili wachache sana. Chini ya kanuni mpya, wa kwanza na wa pili wote wanakwenda. Kenya ilimaliza ya pili, nyuma ya Ghana.

Hapo hatukulalamika. Tulicheza ngoma. Kanuni ilibadilishwa mchezo ukiendelea, nasi tukanyamaza kwa sababu tulikuwa upande mzuri wa chaki. Mwamba ngozi huvutia kwake.

Sisemi tungekataa nafasi. Nasema tukubali kwamba kipimo ni kimoja. Kama ni makosa kubadilisha kanuni katikati ya mchezo, ni makosa hata inapotubeba. Na kama upanuzi unahitaji kuandaliwa pesa, viwanja na marefa kabla ya kutangazwa, basi hitaji hilo ni la ligi ya nyumbani na la bara zima.

Agosti 2025 tuliona sura nyingine ya jambo hili. CHAN, mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani, ilichezwa Kenya, Tanzania na Uganda kwa timu 19. Namba 19 haigawanyiki kwa chochote! Makundi matatu yakawa na timu tano, moja likawa na nne. Wengine walicheza mechi nne kupata robo fainali, wengine tatu. Kenya iliongoza kundi lake kwa pointi 10, mbele ya Morocco, ikatolewa na Madagascar kwa penalti Kasarani. Morocco ndiyo iliyochukua kombe. Hakuna aliyeikumbuka hesabu ya makundi, kwa sababu kila mtu alijua kanuni tangu droo: wawili wa kwanza wanapita. Mfumo unaweza kuwa na sura mbaya na bado watu wakaukubali.

Kwenye uwanja wa vumbi

Nilipata kulijaribu jambo hili kwa mikono yangu. Waandaaji wa mashindano ya Desemba ya mtaa, yaliyokuwa na timu nane za Kibera, waliombwa na timu nne za Kawangware nazo ziingie. Wakaniita niwapangie ratiba kwa kompyuta.

Walikuwa na uwanja mmoja na siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Ukipiga hesabu ya dakika 50 kwa mechi pamoja na kubadilishana uwanjani, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, unapata mechi tisa kwa siku. Jumla 18. Timu 12 katika makundi manne ya timu tatu zinahitaji mechi 12, kisha mtoano wa timu nane mechi 7: jumla 19. Mechi moja zaidi ya jua lililopo. Mtoano mtupu wa timu 12 unahitaji mechi 11, lakini lazima timu nne ziruke raundi ya kwanza.

Nani aruke? Ugomvi ukaanza hapo. Wazee wa mashindano walitaka walioingia nusu fainali mwaka uliotangulia waruke. Nahodha mmoja wa Kawangware akauliza swali ambalo sijasikia likiulizwa vizuri zaidi na mtu yeyote: "Sisi tungefikaje nusu fainali ya mashindano ambayo hamkuturuhusu kuingia?"

Kikao kikanyamaza. Ndilo swali la Afrika la 1966, limesemwa kwa Kiswahili cha mtaani.

Uamuzi ukawa kura. Vifuniko 12 vya chupa za soda vikatiwa ndani ya kofia, vinne vikiwa na alama ya rangi. Kila nahodha akachota mbele ya wote Jumamosi asubuhi kabla ya mechi ya kwanza. Programu yangu ilichofanya ni kuchapa ratiba mbili, tukazibandika ukutani kwa gundi: moja ya kanuni, moja ya mechi. Timu tatu kati ya nne zilizoruka zilikuwa za Kibera, moja ya Kawangware. Hakuna aliyerusha mawe, na refa alilipwa.

Masharti yangu matatu

Baada ya kuisoma historia hii yote, kila nikisikia mtu anataka kupanua chochote, iwe ligi, kombe au hata mashindano ya waandishi wa programu, nauliza mambo matatu.

Kwanza, kanuni imeandikwa kabla ya mechi ya kwanza, au inaandikwa tukishajua nani amefungwa?

Pili, shabiki aliyesimama ndani ya matatu akiwa na kalamu na risiti ya nyuma anaweza kupata jibu lilelile wanalopata wakubwa? Jedwali la mistari 495 linaruhusiwa, mradi limechapishwa. Fomula ya siri hairuhusiwi, hata ikiwa na mstari mmoja.

Tatu, nani atalipia mechi zilizoongezeka? Timu mbili zaidi kwenye ligi ni mechi 66 zaidi, na kila moja ina basi, refa, ambulensi na mpira.

Mashindano yakipita maswali hayo matatu, mimi naunga mkono upanuzi, hata kama timu yangu itakuwa ya tano kwenye jedwali la wanne. Nitaumia, lakini nitajua nimeumizwa na nini. Wiki ijayo nitaweka hapa msimbo wa kupanga timu za tatu, zile njia 15 na zile 495, ili mchezee mnavyotaka. Mkiona mechi niliyoisahau, niambieni.